Dalili za upungufu wa damu kwa mjamzito: anza na kope na viganja

Mkuu, umesema shemeji ana mimba ya miezi sita, akifagia uwanja tu anahema na moyo unamwenda mbio, na pemba, ule udongo wa kula, haimtoki mdomoni. Nyumbani wanasema ni mimba tu. Mimi ni muuguzi, nimehudumu kliniki ya wajawazito kwa miaka mingi, na maelezo yako yamenitia wasiwasi.

Usimpime kwa rangi ya uso wala kwa mashavu. Wapo akina mama wanaokuja wamenawiri, kila mtu anawasifu, kumbe damu iko chini kabisa. Mtoe nje kwenye mwanga wa jua, atazame juu, kisha vuta kope la chini taratibu. Ndani panatakiwa pawe pekundu. Halafu weka kiganja chake kando ya cha mtu mwenye afya, uone kama kimepauka. Tazama na ulimi pia.

Hiyo pemba usiipuuze. Hamu ya udongo, barafu au mchele mbichi mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma. Wengi huona aibu kuisema, ndiyo maana mimi huuliza mwenyewe. Kizunguzungu, kichwa kuuma, pembe za mdomo kuchanika, hizo nazo zimo.

Ila macho hayatoshi. Damu ikipungua polepole mwili huzoea, na nimepokea mama aliyekuja kwa miguu yake akiwa na HB, yaani kiwango cha damu, ya 6. Kipimo ni tone la damu kidoleni. Kwa mjamzito, chini ya 11 ni upungufu, chini ya 7 ni hatari. Waombe wapime na malaria na minyoo, maana vidonge peke yake havitazuia damu inayoendelea kupotea.

Akipewa FEFO, yaani vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, choo kitakuwa cheusi, asiogope. Zikimletea kichefuchefu ameze usiku baada ya kula, asiache. Chai aiweke mbali na chakula na dawa, kwa kuwa huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Tembele na dagaa ale, lakini kwa aliyepungukiwa sana haviwezi kuchukua nafasi ya dawa.

Akihema hata akiwa amekaa, akizimia au akitokwa damu, msingoje kliniki, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. La sivyo mpeleke kesho asubuhi, uende naye mwenyewe, kisha uniandikie hapa HB imesoma ngapi.