Jibu: Kuna yeyote kati yetu aliyefika uzee?

Dadangu, umeuliza kama kuna mwanamke aliyebadili jinsia akaishi hadi mvi. Alikuwepo Miss Major Griffin-Gracy, mzaliwa wa Chicago, Marekani. Alikuwa Stonewall, ile baa ya mashoga ya New York, polisi walipoivamia mwaka 1969. Baadaye alifungwa, na alipotoka hakuwasahau walio ndani. Aliongoza shirika la kuwatetea wafungwa waliobadili jinsia kama yeye. Uzeeni akafungua nyumba mjini Little Rock, jimbo la Arkansas, ya kuwapumzisha wanaharakati waliochoka. Alifariki Oktoba 2025.

Vijana walimwita Mama. Nami hapa Kondele, Kisumu, ninaye wangu: kila jioni hubakisha ugali na omena, ameufunika kwa sahani nyingine, kwa binti yeyote aliyefukuzwa kwao. Niandikie faraghani, nikupeleke kwake.