Uzito Hausikiki Kwenye Kanyagio la Mafuta

Gari likikupa nguvu kimyakimya, ni rahisi sana kusahau ukubwa wake. Hilo nimelijua kwa miaka mitatu niliyoendesha Lincoln MKT ya turbo, na ningependa ulijue kabla hujatia saini karatasi za kununua gari la aina hii, liwe hilohilo au jingine la ukoo wake: krosova ndefu ya kifahari, yaani gari la familia lenye umbo la karibu na jipu, safu tatu za viti, injini ya V6 (silinda sita) inayosukumwa na turbo.

Nianze na tarakimu, maana ndizo zilizonivuta hata mimi. MKT ya mwaka 2010 yenye injini ya EcoBoost, jina ambalo Ford huzipa injini zake za turbo, ina lita 3.5, turbo mbili na nguvu za farasi 355. Torki yake, yaani ile nguvu ya kusokota inayokusukuma mgongo kwenye kiti, ni kama Nm 475, na inaanza kupatikana injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 hivi tu. Hapo ndipo mtu anaposisimka. Lakini kwenye karatasi hiyohiyo kuna tarakimu nyingine ambazo macho yanazipita: gari lina urefu wa zaidi ya mita 5.2 na uzito wa zaidi ya tani 2.2 likiwa tupu. Pakia watu sita na mizigo yao, unakaribia tani 2.8. Injini haitakuambia kwamba uzito huo upo. Itaubeba bila kulalamika, nawe utajiona unaendesha gari dogo.

Nakumbuka mara ya kwanza nilipolipita lori kwa gari hili, kwenye barabara ya njia mbili. Nilikanyaga mafuta mpaka chini, kama nilivyozoea na gari langu la zamani ambalo halikuwa na turbo. Kulikuwa na kimya cha nusu pumzi. Kisha giaboksi ikashuka gia mbili kwa mpigo, pua ikainuka, na gari likaruka mbele kama limefunguliwa kamba. Lori nililipita mapema kuliko nilivyopiga hesabu, lakini nilirudi upande wangu nikiwa na kasi kubwa kuliko niliyoikusudia, na mbele kulikuwa na kona. Mama yangu, aliyekuwa safu ya pili, alishika mpini wa juu ya mlango akasema taratibu, "Mwanangu, hili gari linanivuta roho."

Ule ucheleweshaji wa nusu pumzi una sababu yake. Turbo ni panga mbili kwenye shafti moja: moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine inasukuma hewa kuingia ndani. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua. Ila mpaka moshi uwe mwingi wa kuzungusha panga hizo kwa kasi, lazima usubiri. Watengenezaji wa siku hizi wanapunguza kusubiri huko kwa kuweka turbo mbili ndogo, kila moja ikihudumia silinda tatu, badala ya moja kubwa. Kusubiri kunapungua, hakuishi kabisa. Ukikanyaga kwa pupa, mambo matatu yanakujia kwa pamoja: turbo inaamka, gia zinashuka na uzito unahamia nyuma. Abiria anayapata yote kama mshtuko mmoja.

Dawa yake ni mguu mwepesi. Kwa kuwa torki ipo tangu chini, huna haja ya kukanyaga mpaka sakafuni. Kanyaga robo, ngoja gari liitike, kisha ongeza polepole. Giaboksi itabaki kwenye gia yake, injini haitapiga kelele, na utashangaa jinsi sindano ya mwendo inavyopanda. Unapotaka kupita gari lingine, anza kukanyaga kidogo ukiwa bado upande wako, turbo ziamke, ndipo utoke. Nilipoanza kuendesha hivyo, mama aliacha kushika mpini. Safari iliyofuata alilala njia nzima.

Mafuta nayo yanategemea mguu huohuo. Makadirio rasmi ya Marekani kwa gari hili yalikuwa takriban lita 14.7 kwa kilomita 100 mjini na lita 10.7 kwenye barabara kuu. Hiyo ya pili inawezekana kabisa, nimeipata mara nyingi kwa mwendo uliotulia. Lakini kila mara turbo zinaposukuma kwa nguvu, injini inamwaga mafuta ya ziada ili kupooza joto ndani ya silinda. Anayekanyaga kama yuko mashindanoni asishangae tenki likikauka.

Mahali turbo inapostahili sifa zote ni milimani. Kadiri unavyopanda juu, hewa inapungua, na injini ya kawaida inapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Injini ya turbo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kusukuma hewa zaidi. Nimepanda mlima na gari limejaa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na halikuonyesha dalili ya kuchoka.

Tatizo ni kushuka.

Siku hiyo ya mlima nilishuka kwa kutegemea breki peke yake. Gia ilikuwa kwenye D, mguu ukigusa breki kila kona, na kwa kuwa ndani kulikuwa kimya sikuona kwamba kasi ilikuwa inapanda katikati ya kona na kona. Baada ya dakika kumi hivi ikaingia harufu kali, kama kamba inayoungua. Kanyagio la breki likawa laini na likaenda chini kuliko kawaida. Nilipata pahala pa kusimama, nikaacha gari lipoe nusu saa, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Gari halikuwa na kosa lolote. Ni mimi niliyesahau kwamba kuna tani karibu tatu nyuma yangu zinazotaka kufika chini kabla yangu.

Tangu siku ile, mteremko mrefu nauanza kwa kuhamisha gia kwa mkono hadi ya tatu, au ya pili pakiwa pakali, injini yenyewe ishikilie gari. Breki nazikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha naziachia zipoe. Na kumbuka hesabu hii: ukitoka kilomita 100 kwa saa kwenda 140, nguvu ambayo breki zinapaswa kuizima inakaribia kuongezeka maradufu. Gari lenye injini hii linatoka 100 kwenda 140 hata hujamaliza sentensi.

Kwenye kona, uzito mwingi uko mbele. Injini imelala kwa upana juu ya magurudumu ya mbele, hivyo ukiingia kona kwa kasi pua inataka kwenda moja kwa moja. Mfumo wa magurudumu yote manne unasaidia sana unapotoka kwenye kona, hasa mvua ikinyesha, lakini hausaidii kitu unapoingia. Maliza kufunga breki kabla hujakata usukani. Ukishakata, shikilia mafuta kidogo tu mpaka uone mwisho wa kona. Ukiendesha hivyo linatulia, na linapita kona kwa heshima ambayo hukuitarajia kwa umbo lake.

Mjini nina machache ya kusema. Jifunze urefu wa nyuma, weka kamera na vitambuzi vya kuegesha viwe safi, na usiviamini peke yake. Rimu za inchi 20 zinapendeza, lakini tairi zake zina ukuta mfupi, na shimo moja lenye ncha linaweza kupasua tairi au kupinda rimu. Kama barabara zako ni mbovu, chukua rimu ndogo zaidi bila kuona haya.

Utunzaji wa turbo unahitaji nidhamu zaidi kuliko fedha. Panga zake zinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachozitenganisha na maangamizi ni utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo oili ndiyo roho ya gari hili. Tumia unene ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, na chagua yenye alama ya API SP, kiwango kilichoanza mwaka 2020, ambacho kinapimwa pia kwa uwezo wa kuzuia mafuta kuwaka kabla ya wakati wake kwenye injini za turbo. Nabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyoruhusu, na sijawahi kujutia. Asubuhi usikanyage kwa nguvu mpaka injini ipate joto. Ukikaribia mwisho wa safari, kilomita mbili za mwisho ziende polepole, ili ukizima gari turbo ziwe zimeshapoa. Na usisahau giaboksi ndogo inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Wengi hawajui hata kama ipo, na oili yake inapika kwa joto kwa miaka bila kubadilishwa.

Ukienda kulijaribu gari kabla ya kulinunua, usikubali kuzunguka mtaa mmoja kwa dakika kumi ukiwa na muuzaji tu. Gari tupu kwenye lami laini litakudanganya vizuri sana. Omba injini iwe baridi unapofika, uisikilize inavyoamka. Nenda na watu wa kukujazia viti. Tafuta kilima, tafuta barabara ya mashimo, funga breki mara tano mfululizo kutoka mwendo wa kati uone kama kanyagio linabaki palepale. Ukirudi, angalia kulanti, yale maji ya kupooza injini, kama imeshuka, na ulizia kumbukumbu za kubadilisha oili. Muuzaji asiye nazo, mshukuru uondoke.

Kisha mpe mwenzako usukani, wewe panda ukakae safu ya tatu. Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimechelewa, mwaka mzima baada ya kununua. Kwenye MKT paa linashuka kuelekea nyuma, na kichwa changu kilikuwa karibu kuligusa. Kutoka pale niliusikia kila mguso wa kanyagio: kila haraka ya dereva inakufikia ikiwa imekuzwa, kila shimo linapita chini yako mwisho kabisa, wakati aliye mbele ameshalisahau. Watoto wangu walikuwa wamekaa pale mwaka mzima wakinyamaza.