Mshika usukani

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani sote tu wazima, na mama yako anakusalimu. Umeuliza kama Kubernetes, ile programu mnayoitumia kazini kuendesha programu nyingine kwenye kompyuta nyingi, ina jina la Kigiriki kweli, na kama jina hilo lina undugu na "saiba", duka la kompyuta na intaneti. Lina undugu wa damu, na ukoo wenyewe ni mpana.

Kybernetes katika Kigiriki cha kale ni yule anayeshika usukani wa merikebu. Si mwenye chombo. Soma Matendo 27:11: akida anawasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Hao ni watu wawili, na kwa Kigiriki wa kwanza ndiye kybernetes. Anachotegemea ni ujuzi wake tu. Plato, katika kitabu cha sita cha Jamhuri, anaeleza mabaharia wanaogombania usukani bila kujifunza kazi, huku yule anayejua majira, nyota na pepo wakimwona mpiga porojo tu. Plato alikuwa anasema juu ya utawala wa nchi, nami naona kila anayegombea cheo angepaswa kusomewa ukurasa ule.

Warumi walipolichukua neno, K ikageuka G: gubernare, kuongoza chombo, na gubernator. Kwa njia ya Kifaransa likaingia Kiingereza kama govern, governor na government. Kwetu likawa gavana. Wamarekani hadi leo uchaguzi wa magavana wao huuita gubernatorial, sauti ya Kirumi kabisa.

Sasa tazama spidi gavana ya matatu, kile kidhibiti mwendo. Jina hilo lilianzia kwenye injini za mvuke. Mwaka 1788 James Watt alifunga kwenye injini yake mipira miwili ya chuma inayozunguka: injini ikizidisha kasi, mipira hutanuka na kubana njia ya mvuke, ikipungua, mipira hushuka na mvuke huingia tena. Injini inajirekebisha yenyewe. Mwanafizikia James Clerk Maxwell aliandika makala ya hisabati juu ya vidhibiti hivyo mwaka 1868. Mwaka 1947 mwanahisabati Norbert Wiener, akitafuta jina la elimu ya jinsi mashine na viumbe hai wanavyojiongoza kwa kupokea habari za matendo yao wenyewe, aliikumbuka makala ile, akajua kwamba governor ni kybernetes aliyeharibiwa matamshi na Kilatini. Akarudi kwenye Kigiriki, akaita elimu hiyo cybernetics. Humo ndimo kilimokatwa kipande cha cyber, na ndiko ilikotoka saiba unayochapishia karatasi zako.

Google walipoitoa programu yenu mwaka 2014, wakalichukua neno zima bila kukata kitu, na inavyofanya kazi inalistahili: haiachi kulinganisha hali iliyopo na hali mliyoiagiza, ikirekebisha tofauti, kama mtu aliye usukanini.

Nembo yao tu, gurudumu la usukani wa merikebu, ndiyo ya zama nyingine. Lile gurudumu la kuzungusha Wagiriki hawakuwa nalo. Merikebu zao ziliongozwa kwa makasia mawili makubwa, moja kila upande wa tezi. Ndiyo maana katika Matendo 27:40, pale wanapolegeza kamba za usukani, Kigiriki kinataja sukani kwa wingi. Ukija Krismasi nitakuonyesha mstari huo katika Agano langu la Kigiriki.

Baba yako