Re: Wiki moja kabla ya safari ya Pemba, nianzie wapi?

Shoga yangu, umesema wiki imebaki moja, kazini hujapewa ruhusa mapema, na watoto watatu wanakwenda Wete kwa bibi yao. Mimi ningeanza na friji. Usinunue tena samaki, pikeni vilivyomo mpaka viishe. Mwaka juzi niliacha pweza kwenye friza, umeme wa Tukuza, huu wa kulipia kabla, ukaisha nyuma yetu. Tuliporudi harufu ilitupokea mlangoni! Siku hizi nalimaliza friji, nalizima, naliacha wazi.

Mtungi wa gesi na koki ya tangi funga mwenyewe, usimtume mtoto. Ufunguo na kuku, jirani.

Nguo fungasha nusu ya unazotaka, Pemba pia wanafua. Ila nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto iwe mkononi, na kopo lenye mfuniko la kutapikia botini, maana kipindi hiki cha upepo wa kusi mkondo wa Nungwi, pale baina ya Unguja na Pemba, hauna masihara. Asubuhi hiyo wape chai ya tangawizi na kitu kikavu. Urojo, hata wakilia, usiwape.

Boti ikiwashusha Mkoani bado mna gari mpaka Wete, kwa hiyo mikate ya kumimina isikae chini ya begi.