Jibu: Skripti inarudisha 0 ilhali nakala ya hifadhidata ni tupu
Habari ndugu. Umeeleza kwamba skripti yako ya Bash (programu inayotekeleza amri) inarudisha 0, yaani msimbo wa kufaulu, kila usiku, ilhali faili la nakala lina baiti 20 tu. Anza na mstari wenye mysqldump | gzip, ambapo mysqldump hutoa nakala ya hifadhidata na alama | huipeleka kwa gzip ili iibane: kwa kawaida Bash hurudisha msimbo wa amri ya mwisho katika mnyororo, hivyo mysqldump ikikataliwa na hifadhidata, gzip hubana utupu bila tatizo na kukupa 0. Baiti 20 ndizo ukubwa wa utupu uliobanwa.

Weka set -o pipefail juu ya skripti, ili mnyororo urudishe msimbo wa kosa amri yoyote ndani yake ikishindwa. Mimi huijaribu kwa makusudi kwa nywila isiyo sahihi, kisha huchapisha $? (msimbo wa amri iliyotangulia) papo hapo, kwani hata echo (amri ya kuchapisha) moja ikitangulia hubadilisha thamani hiyo. Ukiona 127, amri haikupatikana. Chini ya cron (programu inayoendesha skripti kwa saa zilizopangwa), kagua PATH, yaani orodha ya folda ambamo amri hutafutwa.