Mlima Kenya baada ya kilele cha Uhuru, Kilimanjaro: njia gani, mwezi gani?

Mkuu, umesema Kilimanjaro umeshamaliza na sasa unataka Mlima Kenya, unauliza upite njia gani na mwezi gani. Swali langu kwako: unataka kilele kipi? Lenana (mita 4,985) ni kutembea tu, na ni kifupi kuliko Uhuru. Nelion (5,188) na Batian (5,199) ni mwamba mtupu. Huko ni kamba, kofia ngumu na mwenzako anayejua kukushikia kamba. Pumzi iliyokufikisha Uhuru haitoshi kama mikono yako haijazoea jabali.

Kama ni Lenana, njia tatu kuu zote nimezipita, kwanza nikibeba mizigo, baadaye nikiongoza wageni. Naro Moru ndiyo ya haraka, na kwa sababu hiyo siipendi. Leo unalala kambi ya Met Station, mita 3,050, kesho uko kambi ya Mackinder's, karibu 4,200. Mwili haupati nafasi ya kuzoea, watu wanatapika usiku kucha. Halafu kuna lile tope la mlimani, unazama hadi magotini huku unapanda! Mimi ningekupandisha njia ya Sirimon: kambi ya Old Moses (3,300), kisha kambi ya Shipton's usiku mbili, Lenana alfajiri, na kushukia njia ya Chogoria. Ukiteremka Chogoria unaona Ziwa Michaelson kule chini kwenye korongo, na ukuta wa Temple umesimama juu yake. Kwa uzuri, hakuna njia nyingine inayoifikia.

Sasa Batian. Hapa mwezi ndio unaochagua njia. Mlima uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua huhama: Juni hadi Septemba linapiga upande wa kaskazini, Januari na Februari linapiga kusini. Upande uliokosa jua unashika theluji na barafu. Ukija Agosti, panda uso wa kaskazini, njia waliyoifungua wapandaji Firmin na Hicks 1944, ukianzia upande wa Shipton's. Ukija Januari, lala kwenye kibanda cha Austrian Hut (4,790), vuka Lewis, barafu ambayo inazidi kuisha, upande Nelion kwa njia waliyoifungua Shipton na Wyn-Harris 1929. Mvua za Aprili na Novemba usijaribu.

Watu wakifika Nelion hudhani Batian imekwisha, kwa sababu wanaiona hapo ng'ambo. Kati yao kuna Gate of the Mists, pengo lenye barafu, na kwenda na kurudi kunakula saa nyingi. Ndiyo maana wengi hulala Nelion, kwenye kile kibanda cha bati ambacho mpanda milima Ian Howell alikijenga 1970, akipandisha vipande vyake mwenyewe mgongoni. Mlangoni unaingia kwa kutambaa, lakini mawingu ya mchana yakishakuja utakipenda.

Kushuka ni kwa kamba karibu njia nzima, na uchovu ndio unaofanya watu wafunge fundo vibaya. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, nenda Lukenya, karibu na Nairobi, upande mwamba na ushuke kwa kamba mpaka uzoee. Tuambie pia unakuja mwezi gani na kama una mwenzako wa kamba, nikuelekeze zaidi.