Jibu: dd inasema GB 2 kwa sekunde, lakini programu ya mauzo inaganda

Ndugu yetu wa Kadutu, nimekuelewa: SSD mpya ya SATA kwenye seva ya duka, `dd` (amri ya Linux ya kunakili data) imekupa GB 2 kwa sekunde, ila mhudumu akihifadhi risiti skrini inaganda. Diski usiirudishe kwanza. Nambari hiyo si yake. SATA yenyewe, njia inayounganisha diski na kompyuta, haipitishi zaidi ya MB 600 hivi kwa sekunde, sasa GB 2 zimepita wapi? Zimeishia kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Linux ilipokea data, ikaiambia `dd` kazi imekwisha, huku diski bado ina deni la kuandika. Ongeza `conv=fdatasync`, inayoilazimisha `dd` isubiri hadi data ifike kwenye diski, uone nambari itakavyoshuka.

Hata hiyo haitoshi. `dd` inamwaga faili moja kubwa mfululizo, wakati PostgreSQL, hifadhidata iliyo nyuma ya programu yako ya mauzo, kila risiti inaandika kipande kidogo, inasubiri diski ithibitishe kwamba kimeandikwa kweli, ndipo inamjibu mhudumu. Kinachokuumiza ni kule kusubiri, basi pima hicho. Tumia fio, programu ya kupima diski iliyoandikwa na Jens Axboe, mtu huyohuyo anayesimamia sehemu ya diski ndani ya Linux:

`fio --name=risiti --filename=/srv/jaribio.dat --rw=write --bs=8k --size=200M --ioengine=sync --fdatasync=1`

Hiyo `/srv` iwe kweli kwenye diski unayoipima. Na tafadhali sana, kwenye `--filename` usiweke `/dev/sda`, maana itaandika juu ya data yote ya duka.

Matokeo yakitoka, achana na MB kwa sekunde. Shuka hadi panapoandikwa `fsync/fdatasync`, usome `99.00th`, yaani muda ambao uthibitisho 99 kati ya 100 hauuvuki, na uangalie kama ni usec (mikrosekunde) au msec (milisekunde). Uthibitisho mmoja ukichukua milisekunde 20, anayehifadhi risiti moja baada ya nyingine hawezi kuvuka 50 kwa sekunde.

Ninatunza seva ya duka la dawa huku Nyawera, na dalili zilikuwa hizohizo: asubuhi inakwenda vizuri, wakipakia orodha ya shehena mpya kila kitu kinakwama. Majaribio mafupi yaliisifu diski. Nilipoiandikia data nyingi mfululizo kwa `--direct=1` (data isipitie RAM) na `--size=20G`, kasi ikaporomoka katikati. SSD nyingi za bei nafuu zina eneo dogo la kupokea data haraka. Likijaa, unabaki na mwendo halisi wa seli zake. Kwa hiyo jaribio la sekunde kumi halikuambii kitu.

Aliyekushauri `--iodepth=64` amekupa kipimo cha seva yenye maombi mengi kwa mpigo. Wewe una wahudumu watatu. Na aliyesema uweke `fsync=off`, yaani PostgreSQL isisubiri uthibitisho wa diski, nampinga kabisa. Ndiyo, skrini itaacha kuganda. Lakini hapa Bukavu umeme unakatika bila kubisha hodi, na siku utakapokatika katikati ya mauzo unaweza kukuta hifadhidata nzima haifunguki.

Kama `99.00th` yako ni milisekunde nyingi, tafuta SSD ya seva yenye kapasita za kulinda data umeme ukikatika, hata iliyotumika. Hiyo inathibitisha upesi kwa sababu ina akiba ya umeme ya kumalizia kuandika. Weka hapa sehemu ya `fsync/fdatasync` tuisome pamoja kabla hujatoa pesa.